Nyoka, Kahawa, Kutu

Ofisi ya ajira imenipa fomu yenye visanduku vitatu.
Weka alama moja, alisema Jarkko wa dirishani,
lugha moja tu, fedha za kozi hazitoshi mbili.
Nina miaka hamsini na minane.
Fomu nimeilaza mezani, nimeigandamiza kwa kikombe,
isije ikajikunja kama karatasi zetu
siku zile unyevu ulipotushinda.

Ya kwanza ina jina la nyoka.
Binti yangu Saimi, aliyeko Oulu, haambiliki juu yake.
Haina makeke, asema, unaandika kama unavyoongea,
haikuulizi kitu hiki ni cha ngeli gani:
leo namba, kesho neno, keshokutwa orodha,
inameza tu kama chatu, kisha inalala.
Sawa. Ila kilichomezwa mchana
hutapikwa usiku wa manane, na anayeamshwa ni nani?
Miaka thelathini simu ya kiwanda
ililala kando ya mto wangu, upande wa mume.

Ya pili ina jina la kahawa,
na sisi watu wa huku kahawa hatuihesabu, tunaipumua.
Tapani, mstaafu wa benki, anaisifu:
imemlisha, imemsomeshea wanawe, imemjengea sauna ziwani.
Lakini hapo ukitaka kusema "karibu" tu
sharti kwanza ujenge ukumbi,
utandike mikeka,
uteue mwenyekiti.

Ya tatu, kutu.
Mzazi gani humpa mwanawe jina hilo?
Kutu naijua. Nimeifuta shingoni mwa mabomba,
nimeipenga puani siku za ukarabati,
na tangu geti lifungwe naiona toka dirishani
inavyopanda bohari la magogo, ngazi kwa ngazi, bila haraka.

Lugha yangu ya kwanza haikuwa na jina la mnyama wala la kinywaji.
Ilipiga kelele kwa herufi kubwa,
na mistari yake ilianzia nafasi ya saba
kama mtoto aliyekanywa kusogelea jiko.
Kwayo nilipima unyevu wa mashine namba tatu.
Waliikata vipande, wakaipakia kwenye mabehewa,
na mistari yangu elfu sita ndani yake.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka Izmir.
Mhandisi, jina lake Nurcan, kwa adabu nyingi:
"Kuna mahali umeandika USIGUSE. H.
Hatujagusa. Ila tunaomba kujua kwa nini."

Siku mbili nilizunguka nyumba.
Ya tatu, nikiparua theluji kwenye kioo cha gari, ikanirudia:
kipimo cha ukuta wa kaskazini kilisema uongo
baridi ikizidi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nami nikawa nakipunguzia moja na nusu,
kimyakimya, kama mke anayerekebisha hadithi ya mumewe mbele ya wageni.
Nikamjibu: Kwenu baridi hiyo haifiki. Ufute.
Neno moja. Liliniuma kama jino.

Hii ya kutu, nimeisoma kurasa kumi, ina ukali wake.
Kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja.
Ukiazima, useme unaazima hadi lini;
mwenyewe akiondoka na kitu kimekwenda,
na wewe uliyekishika, umeshika nini?
Kukopa harusi, kulipa matanga, tunajua.
Hii huanzia matangani.
Harusi baadaye, kama ipo.

Nimeondoa kikombe. Kimeacha duara
juu ya kisanduku cha kahawa, karibu kabisa.
Saimi nitamwambia Jumapili, atapiga kelele.

Usiku huu nimeandika mistari mitano, salamu tu.
Imekataa. Mstari wa nne, inasema,
umetumia kitu ulichokwisha kukitoa.
Nimekaa nikiutazama ujumbe huo
mpaka kioo kikazima chenyewe,
nikagusa kitufe, kikawaka,
na bado ulikuwa pale.